Mtoto wako haitikii ukimwita? Usisubiri, anza na masikio

Mama wengi wanaokuja kliniki na wasiwasi huu husimulia jambo moja. Mtoto ana miaka miwili na nusu, haongei, ukimwita hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Nyumbani wameambiwa wasubiri, watoto wa kiume huchelewa. Wapo wanaochelewa kweli. Ila kusubiri hakumsaidii hata huyo.

Inaweza kuwa usonji. Hii ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, na mara nyingi huanza kabla mtoto hajazaliwa. Inagusa jinsi anavyowasiliana, anavyocheza na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga, ladha au kuguswa. Si laana wala jini, na si kwa sababu ulikuwa kazini akabaki na dada. Chanjo pia haihusiki. Hofu hiyo ilienezwa na makala iliyotoka Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Kwa hiyo mdogo wake mpeleke akachanjwe surua kama kawaida.

Nenda kliniki ikiwa mtoto wa mwaka mmoja haitikii jina lake, wa mwaka na nusu hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, au wa miaka miwili haunganishi maneno mawili. Akiwa alishaanza kusema kisha maneno yakapotea, nenda wiki hiyo hiyo, awe na umri wowote.

Ukifika, usiishie kusema "haongei". Eleza anaombaje maji, anachezaje, nini kinamfanya azibe masikio. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, maana mbele ya nesi wengine hutulia kabisa. Kisha omba apimwe usikivu. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika sana, na mtoto asiyesikia vizuri anahitaji msaada wa aina nyingine. Omba pia rufaa ya kumwona daktari wa watoto, na mtaalamu wa lugha na matamshi kama yupo. Hospitali kubwa zinaweza kuwa mbali na foleni ni ndefu, kwa hiyo kazi nyingine ianze nyumbani.

Akikushika mkono kukupeleka kwenye ndoo, hayo ni mazungumzo. Chuchumaa mtazamane, sema "maji", nyamaza kidogo umpe nafasi, halafu mpe hata kama ameguna tu. Kesho neno liwe lile lile. Zungumza naye lugha mnayoitumia nyumbani, iwe Kisukuma au Kichaga; lugha mbili hazileti usonji. Kabla ya kutoka, mwambie mnakokwenda. Akijitupa chini ndani ya daladala kwa sababu ya kelele, fimbo haitamtuliza. Shukeni, mtafute mahali penye utulivu, ngojeni. Watu watasema hujui kulea. Waache waseme.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni maji. Baadhi ya watoto hawa huondoka nyumbani kimya kimya, na wengi wao huvutwa na maji. Funika kisima na mapipa, funga geti, na waambie majirani na dereva bodaboda wa kijiweni kwamba huyu ni mtoto wako, hataweza kutaja jina lake.

Hakuna kidonge, sindano wala mitishamba inayoondoa usonji, kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuuondoa anakula hela yako tu. Lakini kifafa huwapata watoto hawa zaidi kuliko wengine, na kifafa kina dawa. Akianza kukakamaa au kuzubaa ghafla asijue ulipo, mpeleke hospitali.

Kuhusu shule, muulize afisa wa elimu maalumu kwenye halmashauri yako. Baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo vya watoto hawa. Nenda mapema, kabla hajatimiza umri wa kuanza, na uchukue nakala za karatasi za hospitali. Mwende na baba yake, au na bibi anayebaki naye mchana, wasikie wenyewe wanachoelekezwa.