Nani Hupata Fedha za Kutafiti Afya Marekani

Ruzuku ijulikanayo kama R01 ndiyo uti wa mgongo wa kazi ya mtafiti wa afya nchini Marekani. Hutolewa na Taasisi za Taifa za Afya, NIH, kwa kawaida kwa miaka minne au mitano. Hulipia maabara na wasaidizi, na vyuo vingi huitazama vinapompandisha mtu cheo.

Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mwanauchumi Donna Ginther na wenzake, waliopitia maombi zaidi ya 83,000 ya miaka ya 2000 hadi 2006. Katika kupata fedha, waombaji Weusi walikuwa nyuma ya Weupe kwa pointi 13 za asilimia. Hata walipolinganishwa wenye elimu, machapisho na ruzuku za awali zinazokaribiana, pengo la pointi 10 lilibaki.

Mchujo huanza mapema. Wahakiki huyapa maombi alama za awali, na mengi huwekwa kando bila kujadiliwa na jopo. Uchambuzi uliotolewa 2019 ulionyesha kuwa kati ya 2011 na 2015 asilimia 10.7 ya maombi ya wanasayansi Weusi yalifanikiwa, ya Weupe asilimia 17.7. Zaidi ya moja ya tano ya tofauti hiyo ilitokana na mada. Watafiti Weusi waliomba zaidi kuchunguza jamii, afya ya vijana na sababu za baadhi ya watu kuugua zaidi kuliko wengine; seli na molekuli ziliwavutia wafadhili zaidi. Miaka miwili baadaye wachambuzi wa NIH yenyewe walibaini kuwa mada hizo huangukia mara nyingi kwenye taasisi zake zinazofadhili sehemu ndogo zaidi ya maombi. Hasara ya mada hizo kukosa fedha ni nzito, kwa kuwa humfikia hata mgonjwa ambaye tatizo lake halikuchunguzwa.

Juhudi za kurekebisha hali zipo. Wakfu wa Robert Wood Johnson ulianzisha mwaka 1983 programu ambayo baadaye ilipewa jina la Harold Amos, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza idara katika Chuo cha Tiba cha Harvard. Iliwapa madaktari watafiti chipukizi kutoka makundi yaliyoachwa nyuma fedha za miaka minne pamoja na mlezi wa kitaaluma, na ulezi huo una thamani sawa na fedha.

Mwaka 2025 NIH ilikatisha ruzuku nyingi zilizohusu tofauti za kiafya na ujumuishaji wa makundi yaliyoachwa nyuma. Mwezi Agosti Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu hatua hiyo iendelee wakati kesi ya kuipinga ikiendelea. NIH hutengewa zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka, na hakuna wakfu binafsi unaoweza kuziba nafasi yake.