Maandishi Yaliyo Chini ya Picha: Namna Yanavyowekwa Katika Matangazo Mubashara ya Baraza

Anayefuatilia mkutano wa Baraza la Madiwani kwa simu huona chini ya picha utepe wenye jina la msemaji, kata anayoiwakilisha na ajenda inayojadiliwa. Utepe huo haupigwi na kamera. Aghalabu ni ukurasa wa wavuti uliotandazwa juu ya picha, mfano wa nailoni angavu iliyoandikwa maneno. Yafaa mwananchi aelewe jambo hili kwa sababu mbili: kinachoandikwa hapo ndicho wengi hukichukua kuwa kauli rasmi, na vikundi vya vijana vinavyorusha mikutano ya hadhara ya vijiji vinaweza kutumia njia hiyohiyo bila gharama kubwa.

Programu inayotumika

Miongoni mwa programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni OBS Studio, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Hupatikana bila malipo, na hufanya kazi katika kompyuta za Windows, macOS na Linux. Kazi yake ni kukusanya vyanzo mbalimbali, yaani kamera, maikrofoni, picha na maandishi, na kuviunganisha kuwa video moja. Vyanzo hivyo hupangwa katika orodha, na kilicho juu katika orodha huonekana mbele ya vilivyo chini yake.

Kimojawapo cha vyanzo hivyo ni kivinjari. Ndani ya programu mna kivinjari kilichojengwa juu ya Chromium, ambao ndio msingi wa Google Chrome. Hakionyeshi vitufe wala mahali pa kuandika anwani. Huchora ukurasa tu. Pale ambapo ukurasa hauna rangi, picha ya kamera hupenya na kuonekana.

Hatua za kuweka utepe

1. Katika orodha ya vyanzo, bonyeza alama ya kujumlisha, kisha uchague chanzo cha aina ya kivinjari.

2. Andika anwani ya ukurasa, au chagua faili iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Faili ya ndani ni salama zaidi mahali penye mtandao dhaifu: intaneti ikikatika, rekodi itaendelea kuwa na utepe wake.

3. Rekebisha vipimo. Programu huanza na upana wa pikseli 800 na kimo cha 600. Ikiwa video yako ni ya 1280 kwa 720, andika vipimo hivyohivyo. Ukiuvuta ukurasa mdogo kwa kipanya ili ukue, herufi zitafifia.

4. Hakikisha chanzo hiki kiko juu ya kamera katika orodha. Iwapo rangi nzito inaifunika picha, ukurasa wenyewe una rangi ya usuli ambayo haina budi kuondolewa.

Huenda mtu akauliza: kwa nini maneno yasiandikwe moja kwa moja katika programu? Faida ya ukurasa ni kwamba hubadilika wenyewe. Karani aliyeketi mezani huandika jina la msemaji anayefuata katika kompyuta yake, na utepe hubadilika bila mrusha matangazo kuiacha kamera. Saa ya kuhesabu dakika za mchangiaji huweza kuwekwa vivyo hivyo. Kwa ndugu zetu wasiosikia, na kwa anayetazama akiwa kwenye daladala yenye kelele, maandishi hayo ndiyo mkutano wenyewe.

Mambo matatu ya kuchunga

La kwanza ni usahihi. Tuseme Baraza limepitisha shilingi milioni 12 za kumalizia zahanati, na karani akaandika milioni 120. Akisahihisha baada ya dakika moja, utepe mpya utakuwa sahihi, lakini picha zilizokwisha kurushwa hazibadiliki. Maandishi yameungana na video, na huenda mtu amekwisha kuipiga picha skrini na kuisambaza. Kwa hiyo haitoshi kubadilisha tarakimu kimyakimya. Msemaji hana budi kutamka kosa na sahihisho lake, na utepe uonyeshe neno «Sahihisho» kwa muda wa kutosha kusomeka. Bora zaidi, kila kiasi cha fedha kisomwe na watu wawili kabla ya kuonyeshwa.

La pili ni faragha. Chanzo cha kivinjari huonyesha chochote kilichomo katika ukurasa. Orodha ya wanakikundi walioomba mikopo ya asilimia 10 huweza kuwa na namba za simu na za vitambulisho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu hao. Andaa ukurasa wa pekee wenye yale tu yanayopaswa kuonekana. Aidha, anwani za baadhi ya huduma za utepe hubeba ufunguo wa siri ndani yake. Usiwape wengine anwani hiyo wala usiionyeshe hewani.

La tatu ni uwezo wa kompyuta. Kila ukurasa hutumia kumbukumbu kama kivinjari kingine chochote. Kurasa nyingi katika kompyuta dhaifu huifanya video ikwamekwame. Ukurasa mmoja wenye mambo yote ni afadhali kuliko kurasa tano, na upo uchaguzi wa kukizima chanzo kisipoonekana.

Wito kwa mwananchi

Uonapo jina au kiasi cha fedha kisicholingana na kilichotamkwa, andika saa na maneno uliyoyaona, kisha umpelekee Mtendaji wa Kata yako. Kumbukumbu rasmi ni muhtasari wa kikao uliothibitishwa, wala si utepe. Hata hivyo, wengi watausoma utepe, na wachache watausoma muhtasari; ndiyo maana utepe nao hauna budi kusema kweli.