Ugomvi wa Mpakani na Kikapu cha Sokoni

Siku ya Ijumaa tarehe 5 Machi mwaka wa 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliandika barua kwa wakuu wa forodha ikisema ya kuwa mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie tena Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba uchunguzi ulionyesha sumu ya kuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Malori yalizuiwa mipakani yakiwa na mizigo yake. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, Wizara ya Kilimo ilitangaza ya kuwa mahindi yaweza kuingia, lakini kwa masharti: mwenye kuyaleta awe ameandikishwa, awe na cheti cha kuonyesha mahindi yametoka wapi, na cheti kingine cha kuonyesha ya kuwa sumu haizidi kipimo.

Mkulima wa skimu aliyekuwa na magunia ghalani aliposikia habari ya barua ile alikuwa na haki ya kufurahi. Aliyekuwa amekwisha uza yote wakati wa Krismasi alikuwa na sababu ya kuuliza bei ya gorogoro. Na mara nyingi watu hawa wawili ni mtu mmoja, ila miezi ndiyo tofauti.

Jambo hilo ndilo ningependa tulitazame mwezi huu, kwa kuwa kila ugomvi wa mpakani unapotokea wakulima huja ofisini kwetu na swali lilelile: “Karani, mpaka umefungwa?” Wengine huuliza kwa matumaini, wengine kwa hofu. Mimi ni mtu wa kuandika hesabu katika vitabu, na kabla ya hapo nilifundishwa ualimu, basi nitajibu kwa hesabu.

Tuseme nyumba ya watu sita hula gorogoro moja ya mahindi kwa siku, yaani kilo 2. Kwa mwaka mzima ni kilo 730. Gunia moja ni kilo 90. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji magunia 8 na kidogo zaidi. Mkulima aliyevuna magunia 15 akauza 12 ili alipe karo na deni la mbolea amebaki na magunia 3, ambayo yatamlisha siku 135. Akivuna mwezi wa Novemba, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili ghala ni tupu, na mavuno mengine bado yako mbali. Tangu siku ile yeye si muuzaji tena, ni mnunuzi, na mpaka ukifungwa unafungwa juu yake. Wanaochunguza mambo ya chakula katika nchi yetu wamesema kwa miaka mingi ya kuwa wakulima wadogo wengi hununua mahindi kuliko wanayouza. Anayepiga makofi mpaka unapofungwa na ahesabu kwanza magunia yake.

Sasa tutazame kikapu cha mama anaporudi sokoni. Vitunguu, mara nyingi ni vya Tanzania. Machungwa vilevile. Mchele huenda ni wa Tanzania pia. Maharagwe, ndizi za kupika na trei ya mayai huenda vimetoka Uganda. Kwa upande wa pili, sabuni, saruji, mabati, mafuta ya kupikia na chumvi vya viwanda vyetu hupelekwa kwa majirani hao hao, na Uganda kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa bidhaa za Kenya. Mtu anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni hulipwa mshahara kwa sababu sabuni imeuzwa Kampala, na kwa mshahara huo hununua maziwa yako. Uzi huu hauonekani, lakini ukikatwa upande mmoja, upande wa pili hulegea.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri ya kuwa wenye kulalamika hawana neno. Nilisikia ubishi katika kituo cha kupokea maziwa, wakati watu wakingoja mikebe yao ipimwe. Mzee mmoja alisema ya kuwa yeye hanunui kitunguu cha Tanzania, kwa sababu mwaka wa 2017 walichoma vifaranga vyetu.

Mzee hakusema uongo. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, wakuu wa Tanzania walichoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, wakasema ya kuwa vingeweza kuleta ugonjwa wa kuku. Mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada huko. Na mapema mwaka uleule Kenya nayo ilikuwa imezuia gesi ya kupikia na unga wa ngano kutoka Tanzania, na Tanzania ikazuia maziwa na sigara za Kenya, mpaka mawaziri wa nchi mbili walipokutana mwezi wa Julai wakakubaliana kuondoa vizuizi hivyo. Kwa hiyo hakuna upande uliokuwa na mikono safi kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alimjibu, “Mzee wangu, hicho kitunguu hakikulimwa na yule aliyechoma vifaranga. Kimelimwa na mtu kama wewe, tena bei yake ndiyo ninayoiweza.”

“Sawa, mama,” mzee akasema. “Na maziwa ya pakiti ya Uganda yanayoshusha bei ya maziwa yangu, nayo yamekamwa na mtu kama mimi?”

“Ndiyo, mzee. Naye ana karo ya kulipa.”

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Lakini karo yangu nani atailipa?” Swali hilo halikujibiwa na mtu yeyote katika mstari ule, na kwa kweli si swali la kuchekwa.

Maziwa ya Uganda huwa rahisi kwa sababu ng'ombe wengi wa huko hula majani ya malisho yanayopata mvua nzuri, na gharama ya kuwalisha ni ndogo. Sisi tulio na vipande vya ekari chache twalazimika kununua chakula cha magunia dukani. Serikali imejaribu njia mbalimbali. Mwanzoni mwa mwaka wa 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa, na Serikali ya Uganda ikalalamika. Mwezi wa Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa maziwa ya unga, ili bei ya mkulima isianguke wakati wa mvua, ambapo kila ng'ombe hutoa maziwa mengi. Kwa mwenye mkebe hilo lilikuwa jambo jema, na mimi sioni aibu kusema hivyo.

Lakini fungua lile gunia la chakula cha ng'ombe uangalie kilichomo. Kuna pumba ya mahindi, kuna mashudu ya alizeti na ya pamba, na sehemu kubwa ya vitu hivyo watengenezaji wetu huvileta kutoka Tanzania na Uganda. Mpaka ukifungwa kwa ajili ya mahindi, pumba nayo hukwama, na bei ya gunia hupanda kabla bei ya maziwa haijasogea hata senti moja. Mkulima husifu amri asubuhi, jioni akailaani dukani, wala hajui ya kuwa ni amri moja.

Kinachokasirisha zaidi, kwa maoni yangu, si kufungwa wala kufunguliwa. Ni ghafula. Barua huandikwa Ijumaa, siku ya Jumatano hubadilishwa. Mwenye mahindi ambaye alikataa bei ya Jumatatu akingoja ipande hupata hasara, na mwenye lori lililokwama hupata hasara kubwa zaidi. Hata baada ya masharti yale ya Machi 2021, mahindi yaliendelea kukwama, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Nairobi mwezi wa Mei mwaka ule, ndipo marais wawili wakataka jambo hilo limalizwe. Na viongozi wetu wa siasa hawasaidii sana. Wakisimama mashambani husema mpaka ufungwe. Wakisimama mjini husema unga ushuke bei. Makofi huyapata pande zote mbili. Katika mkutano ujao, mwulize kiongozi wako maneno yote mawili kwa pamoja, tena mbele ya watu.

Wazee wetu walikwisha ona ugomvi mrefu kuliko huu. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Jumuiya ya sasa ilianza kazi mwaka wa 2000, na umoja wa forodha ukaanza mwaka wa 2005. Kwa sheria zake mahindi ya nchi jirani huingia bila ushuru, na mahindi yatokayo nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 50. Ndiyo sababu ugomvi wetu siku hizi hauji kwa jina la ushuru. Huja kwa jina la afya, vyeti na vipimo.

Je, habari ya sumu ilikuwa kisingizio tu? Majirani wengi walisema hivyo. Lakini sumu yenyewe ni ya kweli. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za Ukambani, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yaliyopata kuvu. Sehemu kubwa ya mahindi hayo hayakuvuka mpaka wowote. Yalilimwa kwao na kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu. Tena mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha unga wa mahindi wa aina tano uliosagwa hapa hapa nchini kwa sababu hiyo hiyo ya aflatoksini. Basi tukimnyoshea jirani kidole, yeye naye ana pa kutunyoshea.

Kipimo kinachoruhusiwa ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Nikieleza kwa njia ya darasani: ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari vilivyotawanywa katika magunia 11,000. Macho hayawezi kuiona sumu hiyo, na moto wa sufuria hauimalizi. Na asidhani mtu ya kuwa mahindi yaliyooza ampe ng'ombe. Sumu hupita katika maziwa, ikafika mpaka kwa mtoto.

Mpaka unapofungwa kabisa, mahindi hayakomi kuingia. Hupita njia za panya usiku, bila cheti na bila kupimwa, yakachanganywa sokoni na mazuri. Mama anayenunua gorogoro wakati wa mpaka kufungwa yumo katika hatari kubwa kuliko anayenunua wakati malori yanapimwa mchana. Kwa sababu hiyo mimi napenda zaidi mpaka wenye mpimaji kuliko mpaka wenye kufuli.

Kwa upande wetu, mahindi ya kuuza yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Asiye na mashine ya kupima achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi turubaini. Wanachama wa chama cha ushirika wanaweza kuchanga pesa wakanunua kipimo kimoja cha unyevu kwa ajili ya wote. Jambo hilo liletwe katika mkutano kabla ya mavuno, na pamoja nalo kila nyumba iandike magunia yake manane ya kula, yasiguswe na mchuuzi hata akija na bei ya kupendeza.