Suzi Quatro na Nafasi ya Mpiga Besi wa Kike katika Muziki wa Roki Nzito

1.0 Utangulizi

Katika bendi za muziki wa dansi za Afrika Mashariki, magitaa hugawanywa kwa majina ya solo, ridhimu na besi, na kila mpigaji hutambulishwa kwa jina la gitaa lake. Jina mpiga besi, kama yalivyo majina mengi ya watendaji katika ngeli ya A-WA, halibainishi jinsia. Hata hivyo, msikilizaji anapolisikia aghalabu humfikiria mwanamume. Akikusudiwa mwanamke, huongezwa maneno wa kike. Kwa hiyo sarufi haibagui, lakini matumizi hubagua. Hali hiyo haiko katika Kiswahili peke yake. Katika Kiingereza pia, jina la mpiga besi halina alama ya jinsia, na huko nako alama hiyo huongezwa pale tu anapotajwa mwanamke.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Suzi Quatro, Mmarekani aliyepata umaarufu nchini Uingereza kuanzia mwaka 1973 katika muziki wa roki nzito, yaani roki inayotawaliwa na magitaa ya umeme yenye mlio mkali na dramu zenye kishindo. Hoja inayotetewa ni kwamba umuhimu wa Quatro hautokani na kuwa mwanamke wa kwanza kupiga besi, kwa sababu hakuwa wa kwanza. Unatokana na namna alivyounganisha kazi tatu ambazo kwa kawaida ziligawanywa baina ya watu mbalimbali: kupiga besi, kuimba, na kuongoza bendi mbele ya hadhira.

2.0 Besi na Kazi Yake

Gitaa la besi la umeme lilienea baada ya Leo Fender kuanza kuuza aina ya Precision mwaka 1951. Lina nyuzi nne nene, na urefu wa uzi unaotikisika ni takriban sentimita 86. Kabla ya hapo, wapigaji walitegemea besi kubwa ya mbao iliyosimamishwa sakafuni, ambayo ilikuwa vigumu kuibeba na sauti yake ilimezwa na ala nyingine.

Kimuziki, besi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, hutoa noti za chini ambazo sauti nyingine hujengwa juu yake. Pili, hushirikiana na dramu kushika mwendo wa wimbo. Besi ikikosea, bendi nzima huyumba, hata kama msikilizaji wa kawaida hawezi kusema kosa limetoka wapi. Ni kazi ya msingi lakini isiyoonekana sana. Aidha, kuimba huku mtu akipiga besi ni jambo gumu, maana mikono hufuata mwendo mmoja na sauti hufuata mwingine.

Wanawake walikwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya Quatro kujulikana. Carol Kaye alipiga besi katika rekodi nyingi zilizofanywa Los Angeles katika miaka ya 1960, lakini alikuwa mpigaji wa studio, na walionunua santuri hizo hawakumwona. Nchini Uingereza, Megan Davies alikuwa mpiga besi wa The Applejacks, bendi iliyofahamika mwaka 1964. Jean Millington alipiga besi katika Fanny, bendi ya wanawake watupu iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Mtafiti anayemwita Quatro mwanzilishi hana budi kueleza ni mwanzilishi wa nini.

3.0 Malezi ya Detroit, 1950-1971

Susan Kay Quatro alizaliwa Detroit, Michigan, tarehe 3 Juni 1950. Baba yake, Art Quatro, alikuwa na asili ya Kiitalia. Alifanya kazi katika kampuni ya magari ya General Motors na vilevile aliongoza bendi ya jazi. Mama yake alikuwa na asili ya Kihungari. Katika nyumba hiyo muziki ulikuwa kazi kabla ya kuwa burudani, na Suzi alijifunza piano na ngoma mapema.

Mwaka 1964 yeye na dada yake Patti walishiriki kuunda bendi ya wasichana iliyoitwa The Pleasure Seekers. Kwa maelezo yake mwenyewe, besi hakuichagua. Wenzake waliwahi kuchukua ala nyingine, naye akaachiwa iliyobaki. Baba yake alimpa gitaa la Precision la mwaka 1957. Detroit ulikuwa pia mji wa Motown, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1959, na mpiga besi wake mashuhuri, James Jamerson, ni miongoni mwa wale ambao Quatro amewataja kuwa walimwathiri.

Bendi hiyo ilibadilika na kuitwa Cradle, ikaelekea katika roki nzito. Nancy, dada yao mdogo, alipoingia na kuimba, Suzi alijishughulisha zaidi na besi. Mtayarishaji wa muziki kutoka Uingereza, Mickie Most, alipoiona bendi hiyo, alimtaka Suzi peke yake. Mwaka 1971 alihamia London. Mafanikio yake, kwa hiyo, yalianza kwa kuachana na bendi iliyokuwa pia familia, na filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2019, Suzi Q, inaonyesha kwamba jeraha hilo halikupona upesi.

4.0 London na Mafanikio, 1972-1979

Santuri yake ya kwanza ya London, iliyotoka mwaka 1972, haikufanikiwa Uingereza. Baadaye aliunda bendi ya wanaume, akiwamo mpiga gitaa Len Tuckey, ambaye walioana mwaka 1976. Wimbo Can the Can ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1973, na Devil Gate Drive ukashika nafasi hiyo mwaka 1974. Umbo la jukwaa lilikuwa limegeuzwa: mwanamke mfupi, mwenye gitaa refu, alisimama mbele na kutoa ishara, na wanaume nyuma yake wakafuata.

Marekani ilichelewa kumpokea. Wengi nchini humo walimfahamu kwanza kama mwigizaji katika mfululizo wa televisheni wa Happy Days, alimoshiriki kuanzia mwaka 1977. Wimbo uliofika nafasi ya nne huko mwaka 1979, Stumblin' In, aliouimba na Chris Norman, ulikuwa wa taratibu na si wa roki nzito.

5.0 Suala la Mamlaka

Wapo wanaoweza kudai kwamba Quatro alikuwa chombo cha wengine. Dai hilo lina msingi. Nyimbo zake mashuhuri zilitungwa na Nicky Chinn na Mike Chapman, na kampuni iliyozitoa ilikuwa ya Most. Hata suti yake ya ngozi haikuwa uamuzi wa mtu mmoja. Kwa maelezo yake, ngozi ilikuwa wazo lake, na mshono wa kipande kimoja ulikuwa wazo la Most.

Hata hivyo, dai hilo linaangalia santuri zilizouzwa sana na kuacha mambo mawili. Kwanza, katika albamu zake zimo nyimbo alizotunga pamoja na Tuckey. Pili, utunzi si mamlaka pekee katika muziki. Katika albamu ya mwaka 1973 aliimba I Wanna Be Your Man, wimbo wa Lennon na McCartney, bila kubadilisha neno linalomtaja msemaji kuwa mwanamume. Badiliko dogo lingetosha kuutuliza wimbo huo; hakulifanya. Philip Auslander, katika kitabu chake Performing Glam Rock cha mwaka 2006, ameichambua sanaa ya Quatro kuwa ni uigizaji unaovuka mipaka ya jinsia. Uchambuzi huo una nguvu, ila ni vema uongezewe jambo moja: suti huvaliwa na kuvuliwa, lakini mwendo wa besi lazima upigwe na mwenyewe, kila usiku, mbele ya watu.

6.0 Athari na Hitimisho

Baada ya mwaka 1980 Quatro aliendelea na kazi mbalimbali. Mwaka 1986 aliigiza London katika Annie Get Your Gun, na mwaka 2007 alichapisha tawasifu, Unzipped. Albamu No Control ya mwaka 2019 aliitayarisha pamoja na mwanawe, Richard Tuckey. Kazi iliyoanza katika bendi ya baba na dada ilirejea tena nyumbani.

Athari yake inaonekana kwa waliomfuata. Joan Jett, wa bendi ya The Runaways iliyoanza mwaka 1975, hakuficha kwamba Quatro alikuwa kielelezo chake. Tina Weymouth wa Talking Heads alihimizwa kujifunza besi kwa kusikiliza rekodi za Quatro. Hapa ndipo tofauti na Carol Kaye inapodhihirika. Kaye alithibitisha kwamba mwanamke anaweza kuipiga besi kwa ustadi; Quatro aliwafanya wasichana waone jambo hilo likitendeka, na kuona kwamba anayelitenda ndiye kiongozi.

Kwa kuhitimisha, maneno wa kike yatakoma kuongezwa siku ambapo mazoea ya wasikilizaji yatalingana na sarufi yao. Quatro hakuimaliza safari hiyo, lakini baada ya mwaka 1973 haikuwa rahisi tena kudai kwamba haiwezekani.