Kiwanda Kinapoita Gari Lirudi: Tuitike au Tukae Kimya?



Katika toleo hili tumeona yafaa kusema habari ya jambo ambalo halioti juu ya mkarafuu, lakini linamgusa kila mwanachama mwenye gari la dizeli la kuchukulia karafuu, makonyo na wachumaji. Jambo lenyewe ni hili: kiwanda kilichounda gari kikitangaza kwamba moshi wa gari lile haukuwa kama ulivyoandikwa katika hati zake, na kikamwita mwenye gari alirudishe lirekebishwe bure, je, mwenye gari aitike au akae na gari lake kama lilivyo?

Swali hili hatukulitunga sisi. Tuliulizwa huko Suma, wilaya ya Rungwe, upande wa Tukuyu, tulipokwenda wajumbe watatu kutazama jinsi wakulima wa chai wanavyokusanya majani yao. Shida yao na yetu ni ndugu. Karafuu mbichi ikilala guniani huharibika, na jani la chai lililochumwa asubuhi lisipofika kiwandani siku ile ile hupata joto na kupoteza thamani yake. Kwa hivyo kwao, kama kwetu, gari la kutegemewa si pambo la barazani, ni chombo cha kazi.

Mwenyeji wetu mmoja, mzee wa makamo, mkulima wa chai na ndizi, ana pikapu ya dizeli aliyoinunua mkono wa pili kutoka Uingereza. Aliyemwuzia alimpelekea habari kwamba gari la namna ile liliitwa na kiwanda, na kwamba lake halijapata kurekebishwa. Mzee akatwambia, "Gari hili halijanisumbua hata siku moja. Sasa mnataka nimpe mtu alifungue tumbo lizima?" Lakini papo hapo akatueleza kwamba ana mjukuu mwenye pumu, na kwamba kila alfajiri huliwasha gari karibu na jiko wanapolala watoto, ili injini ipate joto kabla ya kupanda mlima. Hatutaji kiwanda cha gari lake, maana si kusudi letu. Tutatumia mfano mmoja uliokwisha pita mbele ya serikali na mahakama, nao ni ule wa Volkswagen ya Ujerumani.

Yaliyotokea

Tarehe 18 Septemba 2015, idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na hila ndani ya kompyuta zake. Gari lilipokuwa likipimwa, kompyuta ilitambua kuwa limo mtihanini, ikausafisha moshi. Likitoka barabarani, usafishaji ule ulipunguzwa, na gari likatoa oksidi za naitrojeni hata mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa Marekani. Hila hiyo iliaguliwa kwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga mitambo ya kupimia ndani ya magari na kuyaendesha safari ndefu katika njia za kawaida, badala ya kuyapima chumbani tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na hila hiyo, na katika hayo yapata milioni 8.5 yalikuwa Ulaya. Mkuu wake, Martin Winterkorn, alijiuzulu tarehe 23 Septemba 2015. Gharama za jambo hili kwa kampuni zimepita euro bilioni 30, na Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani maofisa wanne wa zamani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilichukua miaka kadhaa kufika mwisho.

Wala si kiwanda hicho peke yake. Hino ya Japani, ambayo malori yake tunayajua barabarani kwetu, ilikiri mwaka 2022 kwamba hesabu za moshi na mafuta za baadhi ya injini zake zilighushiwa.

Moshi huu ni kitu gani?

Dizeli ikiungua kwa moto mkali sana, hewa iliyomo ndani ya injini hugeuka kuwa oksidi za naitrojeni. Hewa hizo hazionekani kama masizi meusi, lakini huchoma njia za pumzi, na mwenye pumu huzihisi kwanza kuliko wengine. Ili kuzipunguza, waundaji hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kwa kupitia vali maalumu, moto ukapungua ukali. Ubaya wake ni kwamba moto ukipungua ukali, masizi huzidi. Masizi hayo hukamatwa na chujio lililo katika bomba la moshi, na chujio likijaa hujichoma lenyewe, iwapo gari linapata mwendo mrefu na wa moto. Gari linalokwenda safari fupi fupi chujio lake halipati nafasi hiyo, na mwisho huziba.

Basi hapa ndipo penye kiini cha swali. Hila ile ilipunguza kazi ya vali ile barabarani. Rekebisho la kiwanda linairudisha kazini.

Rekebisho lenyewe

Ulaya, kazi ilianza mwishoni mwa Januari 2016, na gari la kwanza lilikuwa pikapu ya Amarok. Kwa injini za lita 2.0 ilikuwa ni kubadili maagizo ya kompyuta tu, kazi ya nusu saa. Kwa injini za lita 1.6 kiliongezwa pia kipande cha bomba chenye wavu, ili hewa inayoingia ipimwe sawasawa. Ujerumani serikali ililazimisha, na baadhi ya waliokataa walizuiwa kuyatia magari yao barabarani. Uingereza ilikuwa ni hiari ya mwenye gari. Marekani, kwa mapatano yaliyopitishwa na mahakama Oktoba 2016, mwenye gari alipewa hiari ya kulirudisha akalipwa bei yake, na walio wengi wakafanya hivyo. Magari yale yalirundikwa kwa maelfu, mengine katika uwanja wa michezo uliokwisha achwa huko Pontiac, Michigan.

Kampuni ilisema kwamba rekebisho halidhuru nguvu ya gari wala halizidishi mafuta. Lakini wako wenye magari huko Ulaya waliolalamika kwamba baada ya rekebisho vali ya moshi iliziba, chujio lilijaa mapema, au gari lilipoteza nguvu ghafla barabarani. Mwaka 2017 kampuni iliahidi huko Ulaya kwamba kwa muda wa miaka 2 baada ya rekebisho itayaangalia malalamiko juu ya vipuri fulani vinavyohusika. Kwa hivyo anayesita si mjinga. Vali iliyopunguziwa kazi miaka mingi, kisha ikarudishwa kazini kwa nguvu, yaweza kulalamika.

Mlima na pwani

Sasa tufike kwenye habari iliyotushangaza sisi tuliotoka kisiwani. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilitoa hukumu juu ya kesi zilizotoka Austria. Mbele yake ilielezwa kwamba hata baada ya rekebisho, vali ile ilifanya kazi kamili pale tu joto la nje lilipokuwa baina ya nyuzi 15 na 33, na gari likiwa chini ya mita 1,000 juu ya bahari. Nje ya mipaka hiyo, usafishaji ulipungua. Mahakama ilisema kwamba huko Ulaya baridi ya chini ya nyuzi 15 na njia za milimani ni mambo ya kawaida, kwa hiyo mpango huo ni hila iliyokatazwa, ila kama unahitajiwa kuiepusha injini na hatari ya papo hapo, na hata hivyo haukubaliki ikiwa utafanya kazi sehemu kubwa ya mwaka.

Tazameni ramani. Visiwa vyetu havina kilima kinachofika mita 200, na joto letu siku nyingi limo ndani ya mipaka ile. Maana yake ni kwamba gari la namna ile lililorekebishwa, likiwa Pemba au Unguja, litasafisha moshi karibu mwaka mzima, na vali yake itafanya kazi karibu mwaka mzima vile vile. Faida ni yetu, na uchakavu ni wetu.

Tukuyu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake huwafanya watu wa pwani wafikiri wamefika nchi nyingine. Gari lile lile huko litakuwa nje ya mipaka. Litasafisha kidogo, na vali itapumzika. Mwenye gari akiteremka kwenda Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni chini sana ya mita 1,000 na joto ni jingi, vali itaamka tena. Kwa hivyo rekebisho moja lina maana mbili katika nchi moja, na mtu asikubali wala asikatae kwa kufuata habari za jirani anayekaa mahali pengine.

Jambo jingine ni mafuta. Januari 2015 kanuni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Ulaya kipimo ni 10. Salfa huyaudhi machujio, na gari lililoundwa kwa dizeli ya Ulaya halikufikiriwa dizeli yetu, wala la mapipa ya kando ya njia ambayo hatujui yamechanganywa na nini.

Shauri letu

Tulimwambia mzee wa Suma, na tunawaambia wanachama: aitike, lakini asiende mikono mitupu. Aitike kwa sababu moshi hauishii ndani ya gari la mwenyewe. Unaingia vifuani mwa wanaotembea kando ya njia, na hao hawakununua gari wala hawakuulizwa. Hata akisafisha nusu ya safari zake tu, nusu hiyo si haba. Na asiende mikono mitupu kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, aijue namba ya chesesi ya gari lake, aiandike, na aipeleke kwa wakala wa kiwanda aulize kama gari limo katika mwito na kama limekwisha rekebishwa. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, aulize kwa maandishi: nini kitabadilishwa, nani atalipa, na vali au chujio likiharibika baada ya miezi sita nani atashughulika. Ahadi iliyotolewa kwa watu wa Ulaya isidhaniwe kuwa imevuka bahari mpaka ithibitishwe kwa barua.

Tatu, kabla ya kazi, vali na chujio vitazamwe. Kikiwapo kilichokwisha kuziba, kisafishwe au kibadilishwe kwanza. Kumtwika mzigo punda aliyekwisha chechemea si akili.

Nne, asimpe gari fundi wa njiani mwenye kompyuta ya mkononi anayedai atafanya kazi ile ile kwa bei nafuu. Rahisi huvunja upishi. Na khasa asikubali vali izibwe kwa kipande cha bati, wala chujio likatwe na bomba tupu liungwe mahali pake. Hapo atakuwa amejifanyia mwenyewe hila ile ile iliyomfikisha mwenye kiwanda mahakamani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya magari ya mkono wa pili yanayoletwa Afrika hufika yakiwa yamekwisha kung'olewa visafishio vyao vya moshi, kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo. Basi anayenunua gari ainame chini yake na kutazama kabla ya kutoa fedha.

Tano, kama hakuna karakana ya kiwanda iwezayo kufanya kazi hiyo, asikimbilie popote. Gari na liendelee na kazi, litiwe dizeli ya kituo kinachoaminika, na mara kwa mara lipewe mwendo mrefu wa barabara kuu ili chujio lijichome.

Sita, nalo halina gharama yoyote: gari lisiwashwe likaachwa linanguruma karibu na jiko, dirisha la chumba cha kulala, au sakafu tunayoanikia karafuu. Liwashwe likiwa limeelekezwa njiani, na liondoke taratibu. Injini hupata joto mapema zaidi ikitembea. Hili mzee alilikubali pale pale, kabla hata hatujamaliza habari za Luxembourg, akamwita kijana wake akamwonyesha mahali papya pa kulaza gari, ng'ambo ya migomba.

Katika wanachama wetu wamo wenye pikapu za dizeli zilizotoka Ulaya na Japani ambao hawajapata kutazama kama magari yao yameitwa. Msimu wa kuchuma ukianza hakuna atakayekuwa na nafasi, kila gari litakuwa njiani usiku na mchana. Kwa hivyo kila mwenye gari la namna hiyo anaombwa alete ofisini nakala ya kadi ya gari na namba ya chesesi kabla ya msimu. Ofisi itaandika barua moja kwa kila wakala kwa niaba ya wote, maana barua ya Chama hujibiwa upesi kuliko barua ya mtu mmoja, na majibu yatachapishwa hapa hapa, yawe mazuri au mabaya.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama