Kumsoma Gurnah, Sehemu ya Pili: Askari, Wapagazi na Deni la Majina

Katika sehemu ya kwanza tulifuata maisha ya Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa na miaka 18, miaka michache baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Alisoma Canterbury, akafundisha Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, kisha akadumu Chuo Kikuu cha Kent akisomesha fasihi hadi kustaafu. Oktoba 2021 alitunukiwa Nobeli ya Fasihi. Ni mwandishi wa Uingereza kwa makazi na kwa lugha anayoandikia, lakini mambo yanayomshughulisha vitabuni mwake kwa sehemu kubwa ni ya pwani yetu.

Leo tunauliza wasomi wanamsomaje. Uhakiki juu ya Gurnah umekuwa mwingi tangu riwaya yake ya nne, Paradise, iingie katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, na baada ya Nobeli umezidi kufurika. Ukiuchambua utakuta njia kuu tatu: kumsoma kwa maisha yake, kumsoma kwa vitabu vingine, na kumsoma kwa historia. Nitazieleza zote tatu, ila nitakaa zaidi kwenye ya tatu, kwa kuwa inapita Mtaa wa Samora na kuishia Kariakoo, na sisi wa Dar es Salaam tunaweza kuchangia humo jambo ambalo msomi wa mbali hawezi.

Njia ya kwanza: maisha ya mwandishi

Njia hii ndiyo inayopendwa na magazeti. Msomaji anajua kwamba Gurnah aliwahi kufanya kazi za chini hospitalini huko Uingereza. Akifungua Pilgrims Way ya mwaka 1988 anamkuta Daud, kijana Mtanzania mwenye kazi hiyohiyo mjini Canterbury, na anasema: huyu ndiye yeye. Akisoma Admiring Silence ya 1996 anakutana na msimulizi asiye na jina anayerejea Zanzibar baada ya miaka mingi, naye anakumbuka kwamba Gurnah mwenyewe hakurudi kwao hadi mwaka 1984. Hapo anadhani ameshika ufunguo.

Ufunguo huo hufungua milango michache tu. Dottie, riwaya ya mwaka 1990, inamhusu mwanamke mweusi aliyezaliwa hukohuko Uingereza. Saleh Omar wa By the Sea ni mzee, mfanyabiashara wa samani, anayetua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine na kijisanduku cha udi. Gurnah alifika Uingereza kijana, hana duka wala sanduku la udi. Kama tungetafuta mwandishi tu ndani ya vitabu hivi, watu wake wengi tungewapita bila kuwaona.

Hata hivyo njia hii ina faida yake ikitumiwa kwa adabu. Gurnah ameeleza kwamba katika safari ile ya 1984 alimwona baba yake, ambaye sasa alikuwa mzee, akienda polepole msikitini. Akajiuliza ilikuwaje kuwa mtoto wakati wageni wanaitwaa nchi. Miaka michache baadaye, kama mwaka 1990, alisafiri Afrika Mashariki kufanya utafiti, na matokeo yake yakawa Paradise. Maisha yalimpa mwandishi swali, na jibu akalifuata barabarani na katika vitabu vya watu wengine. Mhakiki wa maisha akiishia kwenye swali, amefika nusu ya njia.

Njia ya pili: kitabu kinavyozungumza na vitabu

Paradise ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Msomaji yeyote wa pwani aliyekaa chuoni anatambua mara moja tunapoelekea. Yusuf mzuri wa sura, bwana anayeitwa Aziz, mke wa bwana anayemtamani kijana, bustani, ndoto: yote hayo yanarejea Sura ya Yusuf. Wahakiki wa Ulaya na Marekani huieleza sura hiyo kwa kurasa kadhaa kabla ya kuendelea na hoja zao. Hapa kwetu mwanafunzi wa madrasa ataitambua kwa haraka na kwenda kwenye swali gumu zaidi: kwa nini Yusuf wa Gurnah hapati ufalme wala hakutanishwi tena na wazazi wake?

Wahakiki wameonyesha pia kwamba msafara wa Aziz kwenda bara unajibizana na Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Kwa Conrad, Waafrika ni vivuli kando ya mto, na Mzungu ndiye mwenye sauti. Kwa Gurnah, wasafiri ni wapagazi, mnyapara, wafanyabiashara wa pwani na masultani wa bara, kila mmoja ana lugha yake na hila zake, na Mdachi ni kitisho kinachosikika kwa mbali hadi anapojitokeza.

Kuna chanzo cha karibu zaidi kinachostahili kujulikana hapa nyumbani. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi yaliyoandikwa na watu wa pwani wenyewe. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na Selim bin Abakari na safari yake ya Urusi na Siberia. Fawzia Mustafa ni mmoja wa wahakiki waliochunguza Paradise kwa makini huku wakiiweka karibu na maandishi ya namna hii. Maana ya kazi hiyo ni kubwa. Inatuambia kwamba riwaya iliyosifiwa London inasimama juu ya nathari ya Kiswahili iliyoandikwa kabla ya karne ya ishirini kushika kasi. Wanafunzi wetu wa fasihi wakiisoma Paradise bila Safari za Wasuaheli, wanasoma ukurasa mmoja wa barua yenye kurasa mbili.

Njia ya tatu: historia na kumbukumbu za jiji

Paradise inakwisha vita vya 1914 vikikaribia. Kikosi cha askari wa Kijerumani kinapita kikikamata watu, kinaondoka, na Yusuf anakikimbilia mwenyewe. Nina Berman aliandika uchambuzi mzima juu ya uamuzi huo, akiuliza kijana wa namna ile alikuwa na hiari kiasi gani mbele ya dola. Gurnah alilirudia swali hilo baada ya zaidi ya miaka ishirini, katika Afterlives ya mwaka 2020. Humo Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani, anajeruhiwa vibaya na mkubwa wake mwenyewe, anarudi mji wa pwani usiotajwa jina, na kuanza maisha upya kwa kazi ya mbao na mapenzi ya Afiya. Kaka yake Afiya, Ilyas, naye alikwenda vitani kwa hiari, na hakurudi.

Sasa twende Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Enzi za Wajerumani palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza jeshi lililowavunja watu wa Abushiri. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, sanamu hiyo ikaondolewa, na mwaka 1927 likazinduliwa umbo la shaba lililochongwa na James Alexander Stevenson: askari Mwafrika, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na aliyeyatunga ni mwandishi mwingine wa Uingereza, Rudyard Kipling. Yanawataja askari waliopigana na wapagazi waliolihudumia jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi, wanawe watalikumbuka jina lake.

Tuipime ahadi hiyo. Zunguka sanamu yote, hutakuta jina la askari hata mmoja wala la mpagazi. Kipling alikuwa mjumbe wa tume ya kifalme ya makaburi ya vita, na mwanawe John alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915, kwa hiyo uchungu wa jina lisilo na kaburi aliujua nyumbani kwake. Lakini tume hiyo, iliyojitahidi kumwandika kila askari wa Kizungu, haikufanya hivyo kwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Aprili 2021 warithi wa tume hiyo walitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Wengi wa hao ni wapagazi. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, na waliokufa kwa hesabu rasmi walizidi 90,000, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu. Jiji letu limehifadhi kumbukumbu yao mahali pamoja pakubwa. Kariakoo ilirithi jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Leo watu wanapanda mabasi kwenda Kariakoo kununua vitenge, simu na vifaa vya umeme, wanapita chini ya paa la soko alilolibuni Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975, na katika kulitaja jina hilo wanawataja wapagazi wote kwa pamoja. Ila hakuna anayemtaja mmoja mmoja, kwa sababu majina hayo hatukupewa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi ya Gurnah inapokuwa na uzito wake kamili. Afterlives inawafuata watu wa upande wa Wajerumani, na sanamu ya Samora iliwekwa kwa waliotumikia Waingereza, lakini hatima yao katika kumbukumbu ilikuwa moja: walihesabiwa kwa maelfu, wakasahauliwa mmoja mmoja. Riwaya inafanya kinyume. Inampa Hamza mwili unaouma, aibu, haya ya kuomba kazi, na mke anayempenda. Inampa Ilyas dada ambaye hachoki kumngoja. Mtoto wa Hamza na Afiya anaitwa Ilyas kwa jina la mjomba wake, na ni yeye anayekwenda Ujerumani miaka mingi baadaye, anafukua nyaraka na kugundua kwamba mjomba wake alifia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen. Ahadi iliyochongwa mwaka 1927, kwamba wana watalikumbuka jina, katika riwaya inatimizwa na mtoto wa dada, kwa jasho lake mwenyewe.

Watafiti waliposoma mwisho huo walimkumbuka mtu wa kweli, na ni mtu wa jiji hili. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akafanya kazi mbalimbali, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu mjini Berlin, na kuigiza katika filamu za kikoloni. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na Novemba 1944 akafa Sachsenhausen. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliandika wasifu wake mwaka 2007, na mwaka huohuo kijiwe chenye jina lake kikawekwa kwenye barabara ya Berlin mbele ya nyumba aliyokaa.

Mhakiki makini hatasema Ilyas ndiye Husen. Maisha yao yanafanana mahali na kuachana mahali, na riwaya haina wajibu wa kuwa wasifu. Faida ya kuwaweka pamoja ni kuona jinsi nyaraka na riwaya zinavyosaidiana. Nyaraka zinatupa tarehe, anwani na sababu za kukamatwa. Riwaya inatupa wale waliobaki pwani wakisubiri barua, na hao hakuna ofisi iliyowafungulia jalada. Msomaji anayetaka ukweli wa vita ile anahitaji vyote viwili.

Tunachoweza kuongeza sisi

Njia zote tatu zimechongwa zaidi na wasomi walioko nje, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini kazi iliyobaki inatuhitaji. Lipo suala la Gurnah na wenzake wa Unguja wa kizazi kinachokaribiana, kama Adam Shafi, aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad, Kuli na Vuta N'kuvute kwa Kiswahili. Wawili hawa wanasimulia ukoloni na mageuzi ya visiwa vilevile kwa lugha mbili na kwa wasomaji wawili, na kuwasoma pamoja kungetuonyesha kila mmoja aliacha nini nje. Lipo pia suala la kumbukumbu za nyumbani. Zipo familia za Ilala, Gerezani na Kariakoo zinazosimulia babu aliyebeba mizigo ya jeshi au aliyevaa kofia ya askari. Masimulizi hayo yakikusanywa na idara zetu za historia na fasihi, mhakiki wa kesho atakuwa na kitu cha kuweka karibu na Afterlives ambacho hakipo Berlin wala London.

Kizuizi kikubwa kilikuwa lugha, na sasa kimeanza kuondoka. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ya hapa Dar es Salaam ilichapisha Peponi, yaani Paradise kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS mjini London. Mwalimu wa sekondari anaweza kuiweka Peponi mezani karibu na Kuli, na mwanafunzi asiyekimudu Kiingereza cha riwaya akaingia katika mjadala huu kwa miguu yake miwili.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itaingia katika Theft, riwaya ya 2025, ambamo kijana Badar analetwa Dar es Salaam kutumika katika nyumba ya watu. Tutauliza jiji letu linaonekanaje kupitia macho ya mtumishi wa ndani, na kama njia tatu tulizozieleza leo zinatosha kumsoma yeye. Anayetaka kufuatana nami aanze na Peponi, asome angalau mpaka msafara wa Aziz unapoondoka kwenda bara.