UJUE WAJIBU WA MSAIDIZI WA TIBA YA VIUNGO

Mwananchi anapofika katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali, mtu anayekuwa naye kwa muda mrefu zaidi mara nyingi si daktari. Ni yule anayemsimamisha baina ya vyuma viwili, anayemshika kiunoni asije akaanguka, anayemhesabia anaponyanyua mguu, na anayeandika katika jalada lake mwisho wa kazi. Huyo ndiye msaidizi wa tiba ya viungo. Wapo wanaomwita daktari, na wapo wanaomdhania kuwa ni mkandaji tu. Dhana zote mbili si sahihi, na kila moja ina madhara yake. Anayemfanya daktari humtaka atoe uamuzi asiokuwa na mamlaka nao; na anayemfanya mkandaji huacha tiba baada ya siku tatu, kwa hoja kwamba wakandaji wapo hata mtaani kwake. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mtumishi huyu, mipaka yake, na namna wagonjwa na jamaa zao wanavyoweza kufaidika naye.

Fani na watendaji wake

Tiba ya viungo, ambayo kitaalamu huitwa fiziotherapia, ni fani ya kumrejeshea mtu uwezo wa kwenda na kutenda baada ya maradhi, ajali au upasuaji. Nyenzo zake ni mazoezi yaliyopimwa, mkao sahihi wa mwili, joto, baridi, na vifaa kama magongo na bakora. Mwenye dhamana ya tiba hiyo ni mtabibu wa viungo, ambaye huisomea kwa miaka mitatu au zaidi. Katika Tanzania, chuo kinachojulikana sana kwa mafunzo hayo ni kile cha KCMC, mjini Moshi.

Msaidizi ni mkono wa pili wa mtabibu huyo. Cheo chake hakifanani katika kila nchi. Nchini Marekani, chama cha watabibu wa viungo kilikikubali rasmi mwaka 1967, na wahitimu wa mwanzo walitoka mwaka 1969. Huko msaidizi husoma kwa muda wa takriban miaka miwili, akafanya mtihani, kisha akapewa leseni. Kwengineko kazi hiyo huweza kufanywa na watumishi wenye vyeo mbali mbali, baadhi yao wakiwa wamefundishwa kazini. Hata hivyo, msingi ni mmoja: msaidizi hufanya kazi kwa maelekezo na chini ya usimamizi wa mtabibu wa viungo.

Mipaka ya kazi

Mtabibu ndiye anayempima mgonjwa, anayetambua kasoro, anayepanga tiba na anayeamua lini ibadilishwe au ikome. Msaidizi hutekeleza mpango huo. Endapo mgonjwa amechoka, anaweza kupunguza idadi ya mazoezi au kumpumzisha, lakini hana ruhusa ya kuanzisha tiba ambayo haimo katika mpango, wala ya kumtabiria mgonjwa kuwa atapona au hatapona.

Mathalan, kijana ameanguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika mfupa wa paja. Baada ya wiki kadhaa maumivu yamepungua, naye anaona uzito kuendelea kutembelea magongo. Anamwomba msaidizi amruhusu aukanyagie mguu ule. Kupungua kwa maumivu si dalili kwamba mfupa umeshaunga barabara. Uzito ukitiwa kabla ya wakati wake, mfupa huweza kupinda au kuvunjika upya, na kijana akabaki na kilema cha maisha. Msaidizi anayemjibu, “Suala lako nitalifikisha kwa mtabibu,” hakushindwa kazi. Ameifanya kama inavyotakiwa.

Katika muda huo wa kungoja, msaidizi humfundisha kijana matumizi sahihi ya magongo. Sehemu ya juu ya gongo huwa chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na uzito huchukuliwa na viganja. Anayejiegemeza kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na mikono ikaanza kufa ganzi. Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mbovu hutangulia kushuka pamoja na magongo.

Kazi ya kila siku

Kazi ya msaidizi huonekana zaidi kwa mgonjwa wa kiharusi. Tuchukue mfano wa mtu mzima ambaye upande wake wa kushoto umelegea ghafla. Wako watakaosema kuwa amepigwa na upepo. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo imekosa damu, au mshipa wa damu umepasuka ndani yake. Na kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoamrisha upande wa kushoto wa mwili, mkono na mguu wa kushoto ndio uliodhurika. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi. Mgonjwa akiachwa amelala tu, viungo hukakamaa, misuli hunywea, na ngozi ya kiuno na visigino huchubuka hadi ikawa vidonda.

Kwa mgonjwa kama huyu, msaidizi hushirikiana na wauguzi ili ageuzwe kila baada ya takriban saa mbili. Humpangia mito ili bega lililolegea lisining’inie. Hukunja na kukunjua kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga na goti taratibu, bila ya kulazimisha. Mtabibu akishatoa idhini, humkalisha ukingoni mwa kitanda, kisha humsimamisha, kisha humtembeza, naye mwenyewe akiwa upande ulio dhaifu kwa sababu huko ndiko aendako kuanguka. Bakora hushikwa kwa mkono ulio mzima. Kamwe hamvuti mgonjwa kwa mkono uliolegea, kwani bega la mkono huo hushikiliwa na misuli isiyo na nguvu na ni rahisi kuteguka.

Kuangalia na kuarifu

Kwa kuwa msaidizi yuko na mgonjwa mara kwa mara, yeye aghlabu huwa wa mwanzo kuona hatari. Anatakiwa asimamishe mazoezi na aarifu papo hapo, bila ya kungoja mwisho wa zamu, pindi mgonjwa akipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kizunguzungu kikali, au udhaifu ambao haukuwepo jana. Halikadhalika, muundi wa mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usikandwe wala kuchuliwa, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na pande hilo likihama likafika kwenye mapafu linaweza kuua.

Kabla ya kutumia joto, msaidizi hujaribu kwanza kama ngozi inahisi. Mgonjwa wa kiharusi au wa kisukari huweza kuungua asijue. Jambo hili linawahusu pia wanaokanda kwa maji ya moto majumbani: kiungo kilichokufa ganzi hakikandwi kwa moto.

Yote aliyoyaona msaidizi huyaandika. Maneno “anaendelea vizuri” hayamsaidii mtabibu. Yanayomsaidia ni kama haya: “Ametembea hatua 12 kwa bakora, amepumzika mara mbili, amelalamika bega.” Kwa maandishi ya namna hiyo mtabibu hujua kama mpango wake unafaa au unahitaji kubadilishwa.

Sitara na heshima

Tiba hii hulazimu mwili kushikwa na pengine sehemu yake kufunuliwa. Kwa hivyo msaidizi hueleza kwanza anachotaka kufanya, akaomba ridhaa, na akafunua pale tu panapohitajika. Mgonjwa wa kike anayo haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, au jamaa yake awepo. Habari za mgonjwa ni siri, hazizungumzwi barazani.

Aidha, msaidizi husikiliza kile mgonjwa anachokitamani. Ni wachache wanaosema kuwa wanataka nguvu ya paja. Mmoja husema anataka kusujudu kama zamani, mwengine anataka kukaa mkekani ale na wenziwe, mwengine anataka kwenda chooni bila ya kushikwa na mwanawe. Maneno hayo yafikishwe kwa mtabibu, kwani mpango wa tiba unaofuata haja ya mgonjwa ndio unaofuatwa na mgonjwa.

Wajibu wa mgonjwa na jamaa zake

Nusu saa ya hospitalini haiwezi kutosha iwapo saa zilizobaki mgonjwa amelazwa tu. Mgonjwa wa Makunduchi au wa Micheweni si rahisi kufika mjini kila siku. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya msaidizi ni kuwafundisha wale watakaobaki na mgonjwa nyumbani. Wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mgonjwa afuatane na jamaa yule yule kila mara inapowezekana, ili mafunzo yasikatike.

(b) Jamaa huyo alifanye zoezi mwenyewe mbele ya msaidizi kabla ya kuondoka, asitosheke na kutazama.

(c) Mgonjwa asifanyiwe kila kitu kwa huruma. Anachoweza kukifanya, hata kwa taabu, aachiwe akifanye, madhali yupo mtu wa kumlinda asianguke.

(d) Ikiwa mgonjwa anakandwa au anatumia dawa nyengine, msaidizi na mtabibu waarifiwe bila ya kuona haya. Kiungo kilichovunjika au kuteguka kisichuliwe kabla ya kupimwa hospitalini.

(e) Tiba isiachwe kwa kuwa nafuu haijaonekana katika wiki ya kwanza.

Hili la mwisho ndilo linalowapoteza wengi. Dawa ya homa huonesha matokeo yake kwa siku chache; tiba ya viungo huenda kwa miezi, na nafuu yake ni ya hatua mbili leo na tatu wiki ijayo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Msaidizi wa tiba ya viungo ndiye anayeshika shoka hilo pamoja na mgonjwa, siku baada ya siku, kwa kipimo alichopewa na mtabibu. Apewe ushirikiano, aulizwe yaliyo katika kazi yake, na asilazimishwe kuvuka mipaka yake, kwani mipaka hiyo imewekwa kwa usalama wa mgonjwa mwenyewe.